Kahawa yetu inashuka Moshi, majibu hayapandi: barua ya wazi kwa Bodi ya AMCOS yetu

Kwa Ndugu Mwenyekiti, Makamu Mwenyekiti, Wajumbe wa Bodi na Meneja,
Chama chetu cha Msingi cha Ushirika wa Mazao na Masoko,
Mteremko wa kusini, Mlima Kilimanjaro.

YAH: MATOKEO YA MUONJO, HESABU ZA LOTI (MAFUNGU YA KAHAWA INAYOUZWA PAMOJA) NA MCHANGANUO WA MALIPO YA KAHAWA YETU KUTOTUFIKIA

Salaam za ushirika.

Ndugu viongozi, barua hii mngeisoma ofisini kwenu, mlango ukiwa umefungwa, kama zilizotangulia zingejibiwa. Zilipokelewa na kugongwa muhuri, na nakala tunazo. Tulilipeleka suala hili kwenye mkutano mkuu, tukaambiwa lisubiri mengineyo. Mengineyo yalipofika, muda ulikuwa umekwisha na kikao kikafungwa kwa sala. Sasa tunaliweka hadharani.

Sitataja jina la chama wala la mtu. Walengwa wanajijua, na tangu tuanze kulizungumza, wakulima wa AMCOS jirani wametuambia kwao hali ni hiyohiyo. Isitoshe, baadhi yenu ni shemeji zangu, na mmoja alinisimamia ubatizo. Tutaendelea kusalimiana na kuzikana. Lakini undugu hauwezi kuwa sababu ya mtu kutoonyeshwa hesabu ya mali yake.

Sisi ni wakulima wa vihamba. Wengi wetu hatuna hata ekari mbili: migomba, mibuni chini yake, mringaringa na mgrivea kwa kivuli, ng'ombe mmoja au wawili bandani kwa ajili ya samadi. Zaidi ya asilimia 90 ya kahawa ya Tanzania inatoka kwa watu wa aina yetu, na huku mlimani mibuni imekuwepo tangu wamisionari wa Kilema walipoileta mwishoni mwa karne ya 19. Hatujifunzi kahawa leo.

Hata hivyo mlitufundisha jambo jipya, na mlitufundisha vizuri, hilo nalisema bila kinyongo. Mlituambia kahawa ya kawaida haina mwenyewe sokoni. Kuna wanunuzi wanaotafuta kahawa maalumu, ya mlima unaojulikana na kijiji kinachojulikana, na wako tayari kuilipia zaidi. Tukakubali kubadilika.

Naomba wasomaji wasiotoka kwenye kahawa waelewe tulikubali nini. Kuchuma mbivu tupu, nyekundu pande zote, maana yake ni kurudi kwenye mti uleule tena na tena kuanzia Julai hadi Krismasi inapokaribia, wakati jirani anayekamua tawi zima, kijani na nyekundu pamoja, amemaliza shamba na kwenda mnadani kununua mbuzi. Kahawa iliyochumwa leo imenywe leo. Zinazoelea majini zitolewe. Kisha zivundikwe, na kwa baridi ya huku juu mwezi wa Julai na Agosti hilo linaweza kuchukua siku mbili, hata tatu. Hakuna saa inayokuambia muda umefika. Unazamisha mkono ndani ya tangi na kusugua punje; ukisikia zinakwaruza kama changarawe, utelezi umekwisha, hapo ndipo unaosha. Halafu meza za wavu: kuanika kwa tabaka jembamba, kugeuza, kufunika jua la adhuhuri, kufunika tena usiku, kukimbizana na turubai mvua ya vuli ikitangulia, na katikati ya hayo yote kukaa kwenye benchi ukichambua punje moja moja zilizokatwa na mashine au kutobolewa na wadudu. Kwa makadirio ya kawaida kilo tano za kahawa mbivu zinatoa kilo moja tu ya kahawa kavu yenye ganda lake la ndani. Ganda hilo likishakobolewa kiwandani, zinabaki gramu kama 800.

Kazi hiyo tumeifanya. Malalamiko yetu ni haya.

1. Matokeo ya muonjo hayaturudii.

Hili ndilo kubwa, na hata mengine yote yakishindikana, hili nitaendelea kulidai.

Kahawa ikifika Moshi inakobolewa, inapangwa kwa ukubwa na uzito wa punje, AA, A, B, PB na madaraja mengine, kisha sampuli inakaangwa na kuonjwa. Muonjaji anaandika harufu, uchachu, utamu, uzito mdomoni, ladha inayobaki baada ya kumeza, na usafi wa kikombe. Kwa kipimo kilichozoeleka duniani, alama 80 kati ya 100 ndiyo mlango wa kuitwa kahawa maalumu. Karatasi yenye maneno hayo na alama hizo ipo. Kahawa haiuzwi kwa wanunuzi wa namna hiyo bila kuonjwa. Mnunuzi anayo, aliyetuuzia anayo, na nyinyi mnayo au mna haki ya kuidai. Kijijini haijawahi kufika.

Labda mnaona ni karatasi ya wataalamu tu. Kwetu ingekuwa ripoti ya shule ya mtoto tunayemlipia ada. Muonjaji akiandika kwamba kikombe kina ladha ya majani mabichi, tunajua kuna waliochuma kijani, na tunajua tuanzie kitongoji gani. Akiandika ladha ya kuchacha au ya kitunguu, tutakwenda kwenye tangi na kuuliza kahawa ilikaa muda gani kabla ya kumenywa, au kama kuna punje za jana zilizonasa kwenye mashine zikaingia kwenye za leo. Akionja ukungu, kosa liko mezani au ghalani. Akionja mafuta ya taa au dawa, mtu fulani aliweka gunia pale pasipostahili, na ghala letu wenyewe tunalijua lilivyo. Punje zikitoka ndogo, nyingi zikaangukia daraja la C, mti una njaa au umeachwa na matawi mengi kupita uwezo wake. Hapo dawa ni samadi na kupogolea, na hata ukiongeza umakini wa kuosha hautasaidia kitu.

Kila kasoro ina mahali pake na mtu wake. Bila karatasi ile, tunarekebisha kwa kubahatisha. Msimu mmoja mlitutangazia kwamba ubora umeshuka, tuongeze bidii. Bidii ipi? Hamkusema. Basi wengine wakaongeza muda wa kuvundika, wengine wakapunguza, wengine wakaacha kufunika mchana wakidhani turubai ndilo linalofanya unyevu. Kahawa ya kijiji kimoja ikatoka na tabia tofauti kwa sababu ya tangazo la sentensi moja.

Na kinachouma zaidi ni umbali. Chumba cha kuonjea kipo Moshi mjini. Mnada upo Moshi. Taasisi ya Utafiti wa Kahawa ipo Lyamungu, hapa hapa mlimani. Chuo Kikuu cha Ushirika kipo Moshi. Hakuna wakulima wa kahawa nchini walio karibu na elimu ya kahawa kama sisi. Kutoka kwetu ni nauli ya daladala. Mwonjaji aliyeko Ulaya anajua ladha ya kahawa ya kitongoji changu kuliko mimi ninayeilima.

2. Kahawa nzuri na mbaya zinaishia kwenye gunia moja na bei moja.

Mlituambia ubora unalipa. Kwa nani? Kahawa iliyomenywa kwenye mtambo wa pamoja, ile CPU tuliyoijenga kwa michango na msaada, inachanganywa ghalani na kahawa iliyomenywa nyumbani kwa mashine ya mkono, nyingine ikiwa imeoshwa kwa maji ya mfongo, mfereji wetu wa asili, yaliyokwishatumika na watu watatu kabla. Simlaumu anayemenya nyumbani, maana wapo wanaofanya kazi safi kuliko CPU yetu. Ninalaumu kwamba hakuna anayeangalia. Mpokeaji anapima kilo na kuandika kilo, basi.

Matokeo yake yanaonekana kwa macho. Wanawake waliokuwa wanakaa mezani kuchambua wamepungua, na ukiwauliza wanakujibu kwa swali: nichambue ili gunia langu lipungue kilo, halafu nilipwe sawa na ambaye hakuchambua? Kwa hesabu yao wako sahihi. Kila punje mbovu niliyoitoa imenipunguzia uzito, na sijalipwa chochote kwa kuitoa. Chama kinachowalipa sawa aliyechambua na ambaye hakuchambua kinamwadhibu aliyechambua. Baada ya misimu michache nao wataacha, na mtaitangaza tena habari ya ubora kushuka.

3. Malipo ya pili yanakuja bila maelezo.

Malipo ya awali tunayaelewa: kilo mara bei iliyotangazwa. Malipo ya pili, yale ya baada ya kahawa kuuzwa, yanaingia benki yakiwa tarakimu moja tu. Hatujui kahawa iliuzwa lini, kwa mnada au kwa mkataba wa moja kwa moja, loti ngapi, bei gani kwa kila daraja, na kilichokatwa ni nini.

Makato mengine ni halali na hatuna ugomvi nayo. Kukoboa kunalipiwa, magunia yananunuliwa, lori linatiwa mafuta, mkopo wa benki wa kulipia malipo ya awali una riba. Ushuru wa halmashauri kwa mazao ya biashara uliposhushwa kutoka asilimia 5 hadi 3 mwaka 2017, tulishangilia kama wengine. Lakini kwenye karatasi zetu hakuna mstari wa ushuru, kwa hiyo hakuna mkulima anayeweza kusema kwa uhakika kama nafuu ile ilimfikia.

Februari 2025 bei ya Arabika kwenye soko la New York ilipita dola 4 kwa ratili, bei ambayo haikuwahi kuonekana kabla ya hapo. Hiyo ni karibu dola 9 kwa kilo ya kahawa safi. Vijana walituonyesha kwenye simu. Hatusemi tulistahili kupokea dola 9 mkononi, na anayewaambia wakulima hivyo anawadanganya. Tunasema kati ya dola zile na shilingi zilizoingia kwenye akaunti zetu kuna ngazi, na ngazi hiyo ina vidato. Tuonyesheni kila kidato kinachukua kiasi gani.

4. Mizani na unyevu.

Fupi tu. Mizani isomeke sifuri mbele ya mkulima kabla gunia halijawekwa. Kipima unyevu kiwepo na kitumike kwa kila mtu, maana sasa mpokeaji anang'ata punje, anatikisa kichwa, na kukata kilo "za unyevu" kwa jinsi anavyoona. Wengine hawakatwi. Tunajua ni akina nani.

5. Ramani za vihamba vyetu.

Vijana walipita na simu wakichukua alama za mahali pa kila shamba. Tuliambiwa ni kwa sababu ya kanuni ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2023, inayotaka kahawa inayoingia kwao ithibitike kwamba haikutoka kwenye ardhi iliyokatwa misitu baada ya tarehe 31 Desemba 2020. Utekelezaji umeahirishwa zaidi ya mara moja, lakini lengo tunalielewa, wala halitutishi: vihamba vyetu vina miti kuliko baadhi ya sehemu zinazoitwa msitu, na vimekuwa hivyo tangu enzi za babu zetu. Kwa shamba lisilozidi hekta nne kanuni yenyewe inaridhika na nukta moja ya mahali. Kazi ya dakika chache.

Swali ni kwamba taarifa hizo ziko wapi leo, na kwa nani? Hatukusaini popote. Hatukupewa nakala. Mnunuzi kesho akituacha, au sisi tukitaka kuuza kwa mwingine, je, tutaambiwa tupimwe upya kwa gharama zetu kwa sababu taarifa za mashamba yetu ni mali ya kampuni? Na hapa ndipo ninapoona kichekesho chenyewe. Kahawa yangu inaweza kufuatiliwa kutoka kwenye kikombe cha mteja hadi kwenye mbuni ulio nyuma ya jiko langu. Mimi siwezi kuifuatilia kutoka nyuma ya jiko langu hadi ghalani kwenu.

6. Jina kwenye kadi.

Kwa desturi ya huku, kahawa ilikuwa ya baba, ndizi na maziwa vya mama. Desturi imebaki kwenye kadi za uanachama ingawa shambani ilikwishabadilika. Kwa miaka mingi nilipeleka kahawa kwa namba ya mume wangu: nikaichuma, nikaimenya, nikaigeuza mezani, na fedha zikaingia kwa jina lake. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa Dar es Salaam kazini. Lakini mafunzo ya kupogolea na kupandikiza miche ya vikonyo aliitwa yeye, kwa kuwa ndiye mwanachama. Alipofariki, malipo ya pili yakaingia kwenye akaunti ya marehemu na kukaa huko mpaka mirathi ilipomalizika. Siko peke yangu. Mkiangalia daftari lenu la wanachama mtakuta marehemu wengi wanaoleta kahawa safi kabisa.

Sasa niyageukie majibu ambayo tumeshayasikia barazani, ili tusipoteze muda kuyasikia tena.

Mtasema kiwanda hakiwezi kukoboa magunia matatu matatu ya kila mkulima. Kweli kabisa, na hatuombi hilo. Mashine kubwa haiwashwi kwa magunia matatu, na loti ndogo mno haina mnunuzi. Tunachoomba ni loti za CPU zitenganishwe na kahawa ya nyumbani, na za CPU ziandikwe kwa wiki na kwa kitongoji, kwa kuwa kila kitongoji tayari kina siku yake ya kuleta. Daftari, kalamu na kipande cha kitambaa cha rangi kwenye mdomo wa gunia vinatosha.

Mtasema mkataba na mnunuzi ni siri ya biashara. Siri dhidi ya nani? Kahawa maalumu inauzwa kwa kutangaza: jina la mlima, mwinuko, aina ya mbuni, hata picha za wachumaji wakiwa wameshika vikapu. Bei za mnadani hutangazwa. Siri pekee iliyobaki ni kwa mwenye kahawa. Na hata kama kuna kifungu cha mkataba kinachowafunga midomo kwa watu wa nje, wanachama si watu wa nje. Chama ndicho wanachama.

Mtasema bei inapangwa New York. Bei ya msingi, ndiyo. Nyongeza inayolipwa kwa ajili ya ubora haipangwi New York. Inapangwa na kikombe kilichoonjwa Moshi, na mazungumzo yanayofuata. Hiyo nyongeza ndiyo tunayoiulizia.

Mtasema tukidadisi sana mnunuzi atakwenda kwa wengine. Mnunuzi anayetaka kahawa ileile mwakani anafaidika mkulima akijua alichokosea mwaka huu.

Na lipo jibu ambalo halisemwi kwenye mkutano, linasemwa kwenye mbege: wakulima hawataelewa takwimu hizo, zitawachanganya tu. Hili naomba nilijibu kwa kirefu kidogo.

Mwaka 1925 wazee wa mlima huu waliunda Kilimanjaro Native Planters' Association, Joseph Merinyo akiwa kiongozi wao. Walikuwa wanapambana na walowezi waliotaka Mwafrika asilime Arabika. Hoja ya walowezi ilikuwa ni hii ya ubora: kwamba mkulima mweusi hataweza kuitunza, na mibuni yake itaeneza wadudu na magonjwa kwenye mashamba yao. Wazee wale walijibu kwa kununua dawa pamoja, kupuliza pamoja, kisha kuuza pamoja. Mwaka 1933 KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa Kilimanjaro, ikazaliwa. Na mwaka 1937, wakulima walipokuwa wanalazimika kuuza kupitia ushirika huku malipo yakiwakatisha tamaa, zikazuka ghasia dhidi ya chama chao wenyewe. Sikumbushi hayo kuwatisha. Nasema tu kwamba swali la "fedha zetu zilihesabiwaje" lina karibu miaka 90 kwenye miteremko hii, na waliouliza wakati ule wengi hawakuwa wamepita darasa la nne. Leo wanachama wenu wanasoma ujumbe wa makato ya miamala ya simu kila siku, hadi shilingi ya mwisho, na wakikatwa visivyo wanapiga simu huduma kwa wateja. Wataielewa karatasi ya muonjo. Kwa wasioelewa, kanuni ya tano ya ushirika, inayotambuliwa na vyama vya ushirika duniani kote, inahusu elimu, mafunzo na taarifa. Iko ukutani ofisini kwenu, nyuma ya kiti cha Meneja.

Tunachoomba, basi, ni hiki.

Kabla msimu haujafunguliwa Julai, bandikeni kwenye ubao wa ofisi na kwenye CPU matokeo ya loti zote za msimu uliopita: kilo zilizoingia kiwandani, kilo zilizotoka kwa kila daraja, alama na maelezo ya muonjaji, bei iliyouzwa, na makato moja baada ya jingine. Msimu ujao matokeo ya kila loti yabandikwe yanapotoka, tusisubiri mwisho wa mwaka. Kama alama ni mbaya, bandikeni hivyohivyo. Tutakasirikiana wiki moja, kisha tutarekebisha.

Mapokezi yawe na madaraja angalau mawili yenye bei tofauti hata kwenye malipo ya awali, na vigezo viandikwe kwa Kiswahili kinachosomeka, pale mapokezini. Kila mwanachama apewe risiti ya malipo ya pili yenye mstari wa kila kato. Kipima unyevu kinunuliwe. Kama fedha hazitoshi, semeni ni kiasi gani, tuchange.

Taarifa za mahali pa mashamba zirudishwe kwa chama, kila mkulima apewe nakala ya shamba lake, na zisitolewe kwa yeyote bila saini. Wake na wajane waingizwe kwenye daftari kwa majina yao, na kadi ya pamoja ya mume na mke iruhusiwe kwa wanaoitaka.

Mwisho, hesabu zilizokaguliwa, kama Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013 inavyotaka, zisomwe kwenye mkutano mkuu maalumu utakaoitishwa ndani ya siku 30. Zisomwe mwanzoni mwa ajenda, watu wakiwa hawajachoka. Tunapendekeza mmwalike muonjaji kutoka Moshi aje na vikombe. Wengi wetu tumelima kahawa maisha yetu yote na hatujawahi kuinywa ikiwa imeandaliwa kama wanunuzi wanavyoiandaa. Gharama ya kumleta ni ndogo, na nina hakika siku hiyo ukumbi utajaa kuliko siku ya uchaguzi.

Siku 30 zikipita kimya, tutapeleka ombi kwa Mrajis Msaidizi wa Vyama vya Ushirika, tukimtaka aagize uchunguzi wa chama. Saini tayari zimekusanywa. Hatutishii kuvusha kahawa mpakani usiku. Wanaofanya hivyo wapo, na hatuwasifu. Wala hatutishii kung'oa mibuni na kupanda parachichi, ingawa mkitembea kutoka ofisini kwenu hadi kanisani mtahesabu wenyewe vihamba vilivyokwishafanya hivyo bila kumtishia mtu.

Miche mipya inayostahimili magonjwa ya chulebuni na kutu ya majani tumeiagiza, na mashimo yanachimbwa wiki hii. Mche uliopandwa sasa utaanza kuzaa baada ya miaka miwili hadi mitatu. Tungependa kujua kabla ya hapo kama kuna sababu ya kuichambua kahawa yake.

Wako katika ushirika,

Mkulima na mwanachama (namba ya kadi imeandikwa kwenye nakala iliyowasilishwa ofisini), kwa niaba ya wanachama waliosaini orodha iliyoambatishwa.

Nakala:
Afisa Ushirika wa Wilaya
Mrajis Msaidizi wa Vyama vya Ushirika, Mkoa wa Kilimanjaro
Mwenyekiti wa Serikali ya Kijiji
Ubao wa matangazo, CPU